Leza Imepiga, Jicho Linaendelea Kuzeeka

Kuna neno moja la Kiswahili nataka tuligombanie kidogo humu: kupona. Tunalitumia hovyo. Mtu akimaliza dozi ya malaria, amepona. Akivunjika mkono, akafungwa plasta na mfupa ukaunga, amepona. Akitoka chumba cha leza kwenye kliniki ya macho, kazi ya dakika chache, bila kushonwa hata uzi mmoja, ndugu wanampokea mlangoni: umepona, twende nyumbani. Hoja yangu ni kwamba kuna ugonjwa wa macho ambao kwake neno hilo ni la hatari. Na wanaolibeba mpaka nyumbani ni sisi tulioko chuo, kwa sababu mgonjwa akihitaji mtu wa kumsindikiza na kumsomea kadi, simu inapigwa kwa "yule msomi wetu".

Ugonjwa wenyewe ni aina moja ya presha ya macho, yaani glaukoma. Presha ya macho wengi tumeisikia, ila tunadhani ni kitu kimoja. Ziko aina kuu mbili. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa muda wote nyuma ya lile pazia la rangi linalozunguka mboni. Maji hayo yanapita kwenye mboni, yanakuja mbele, kisha yanatoka kupitia kichujio kilichopo kwenye kona, pale pazia linapokutana na konea, kile kioo cha mbele. Kona hiyo madaktari wanaiita pembe. Kwenye aina ya kwanza ya glaukoma pembe iko wazi lakini kichujio hakipitishi maji vizuri. Kwenye aina ya pili, ambayo ndiyo naizungumzia, pembe yenyewe ni nyembamba, na pazia linaweza kuegemea kichujio likakiziba. Maji yanajaa, presha inapanda, mshipa wa fahamu wa jicho unaumia. Uoni unaopotea kwa njia hiyo haurudi.

Linalosukuma pazia mbele mara nyingi ni lenzi. Hapa naomba mtulie, maana ndipo penye shina la habari yote. Lenzi ya jicho haiachi kukua. Inaongeza tabaka juu ya tabaka tangu utotoni mpaka uzeeni, kwa hiyo inanenepa ndani ya chumba ambacho ukubwa wake hauongezeki. Mtu mwenye jicho dogo (hasa wale ambao tangu ujana wanasumbuliwa kuona vitu vya karibu) akifika miaka 50 au 60, lenzi imebanana na pazia, maji yanakwama nyuma, na pazia linavimba kuelekea mbele kama tanga lililoshika upepo. Wanawake wanapata zaidi kuliko wanaume.

Leza inachofanya ni kutoboa tundu dogo sana pembeni mwa pazia hilo. Maji yanapata njia ya mkato, presha ya nyuma na ya mbele zinalingana, pazia linarudi nyuma, pembe inafunguka. Wazo hili lina umri kuliko leza: Mjerumani Albrecht von Graefe alikuwa akikata kipande cha pazia kwa kisu kutibu shambulio la glaukoma tangu 1857. Leza imeondoa kisu tu. Lakini angalia tena hiyo sentensi: inatoboa pazia. Lenzi haiguswi. Lenzi iko pale pale, na kesho itaendelea kunenepa.

Je, baada ya miaka mingi jicho lililopigwa leza linakuwaje? Kwa bahati swali hili lina jibu, na limejibiwa kwa namna ambayo mimi mwanafunzi wa ualimu naionea wivu. Ni Guangzhou, China, mji ambao wengi wetu tunaujua kwa nguo, simu na makontena ya Kariakoo. Watafiti wa Kituo cha Macho cha Zhongshan walipima wakazi 11,991, wakapata 889 wenye umri wa miaka 50 hadi 70 ambao pembe zao zilikuwa nyembamba katika macho yote mawili lakini bado hawajaumwa. Halafu, kwa bahati nasibu, kila mtu akapigwa leza jicho moja tu. La pili likaachwa hivyo hivyo. Kwa hiyo kila mtu akawa kipimo chake mwenyewe: umri mmoja, damu moja, chakula kimoja, jicho moja lina tundu na jingine halina. Wale mnaohangaika na sura ya tatu ya risachi mnaelewa utamu wa jambo hilo.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa 2019, baada ya miaka 6 ya ufuatiliaji. Macho 19 yaliyopigwa leza yalikuwa yamevuka kwenda hatua inayofuata ya ugonjwa, dhidi ya macho 36 ambayo hayakupigwa. Nusu, karibu. Ukiwa na haraka utasema haya basi, tuwatoboe wote. Watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Walisema hatari yenyewe ilikuwa ndogo hata kwa macho yaliyoachwa, kwa hiyo kumpiga leza kila mwenye pembe nyembamba haina maana sana. Ilibidi macho 44 yatobolewe ili jicho moja lisivuke.

Wangeweza kuishia hapo, ila waliendelea, na 2023 wakachapisha matokeo ya miaka 14. Sasa hesabu ilikuwa 33 kwa 105. Pengo limepanuka: leza ilipunguza hatari kwa theluthi mbili hivi, na badala ya macho 44 sasa ni kama macho 12 kwa jicho moja. Kinga iliyoonekana haba kwa miaka 6 imeonekana nene kwa miaka 14. Hata hivyo kuvuka huku si upofu. Ni hatua ya ugonjwa inayoonekana kwa vipimo. Waliopata shambulio kali lenyewe ni jicho 1 lenye tundu na macho 5 yasiyo na tundu, na waliofika kwenye glaukoma kamili ni macho 2 kwa 4. Kumbuka pia kwamba karibu macho 390 kila upande hayakupatikana tena mpaka mwisho. Miaka 14 ni mingi. Watu wanahama, wanafariki.

Kinachonigusa zaidi kiko nyuma ya hesabu hizo. Pembe zilizofunguliwa na leza zilipanuka vizuri ndani ya wiki mbili, zikakaa hivyo mpaka miezi 6, na kufikia miezi 18 zilikuwa zimeanza kupungua tena. Baada ya miaka 14 bado zilikuwa pana kuliko za jicho jirani, lakini jicho lenye tundu lilikuwa na mtoto wa jicho mzito zaidi katikati ya lenzi, na presha iliyo juu kidogo kuliko la pili. Na yale macho 33 yote yalikuwa na tundu. Tundu lipo, ugonjwa ukapita pembeni.

Hao walikuwa watu wazima wa afya ambao ugonjwa haujawaanza. Kwa aliyekwisha kupata shambulio habari ni nzito zaidi. Singapore walifuatilia wagonjwa wa namna hiyo baada ya leza, na zaidi ya nusu ya macho presha ilipanda tena. Utafiti mwingine mkubwa, uliohusisha Uingereza, Australia, Hong Kong, Singapore na Malaysia na kuchapishwa 2016, ulilinganisha leza na njia ya kuitoa lenzi yenyewe na kuweka ya bandia kwa wagonjwa 419. Waliotolewa lenzi walifanya vizuri zaidi baada ya miaka mitatu. Ukishajua kwamba mchokozi ni lenzi, hushangai.

Kwa hiyo usinielewe vibaya, sipingi leza. Mtu akiandikiwa leza aende, tena mbio. Ninachopinga ni kuifanya mwisho wa safari.

Najua kuna mdau anasema: hayo ni ya Wachina, sisi yanatuhusu nini? Ni kweli aina hii imeenea zaidi Asia ya Mashariki. Ila Tanzania tuna kipimo chetu. Kongwa, Dodoma, mahali wengi tunapopajua kwa tafiti za vikope, ilifanyika tathmini iliyochapishwa 2000 iliyopima watu 3,268 wenye miaka 40 na kuendelea. Glaukoma ya pembe iliyo wazi ilikuwa asilimia 3.1. Ya pembe iliyofungana asilimia 0.59, yaani karibu watu 6 katika kila 1,000. Ni wachache ukilinganisha, na ndiyo sababu wanapotea katikati ya wengi. Ukiwa na mama, bibi, shangazi na majirani wa umri huo mtaani kwenu, hesabu mwenyewe una watu wangapi.

Mimi ninaye mmoja. Shangazi yangu aliumwa jicho la kulia usiku mmoja, kichwa kikamgonga upande huo, akatapika. Kutapika kukawapoteza watu: kwa siku mbili alikuwa anatibiwa malaria kwenye zahanati. Hilo si ajabu, shambulio la pembe kufungana linajulikana kwa kujificha nyuma ya tumbo na kichwa. Siku ya tatu jicho lilikuwa jekundu na taa anaiona imezungukwa na duara za rangi kama upinde wa mvua, ndipo akapelekwa hospitali yenye daktari wa macho. Dawa, halafu leza macho yote mawili, kwa sababu la kushoto nalo lina umbo lile lile. Ilikuwa mwezi wa tatu.

Kwenye kadi yake kuliandikwa, pamoja na vifupisho vingine vya Kiingereza, 6/12. Binamu yangu, mtu wa biashara mwenye akili zake timamu, akasoma kama mtu yeyote mwenye akili timamu angesoma: tarehe 6 Desemba. Shangazi naye alishaambiwa umepona, kwa hiyo hakukuwa na haraka. Sasa sikilizeni. Katika maandishi ya kitabibu, namba hiyo ikiwa karibu na neno la kurudi inamaanisha baada ya miezi sita. Kwenye kadi ya macho hiyo hiyo, ikiwa mstari mwingine, inaweza kumaanisha kiwango cha kuona: kwamba anasoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima linasoma kwa mita 12. Namba moja, maana tatu, na ile ambayo mtu wa kawaida anaielewa ndiyo pekee isiyo sahihi. Alitakiwa Septemba. Alikwenda Desemba. Presha ya jicho la kulia ilikuwa imepanda, na sasa anaweka matone kila jioni, pengine maisha yake yote. Siwezi kusema miezi mitatu ile imekula nini. Ninachojua ni kwamba ililiwa bure, kwa sababu ya mkwaju mmoja katikati ya namba mbili na neno moja la faraja lililosemwa mlangoni.

Katika miezi yote hiyo mimi nilikuwa nampigia simu. Shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, macho yanaendeleaje, salama tu, tunamshukuru Mungu. Na alikuwa mkweli kabisa. Pembe ikifungana taratibu, badala ya kwa kishindo, hakuna maumivu, hakuna wekundu, hakuna kitu. Utaratibu wetu wa salamu umejengwa juu ya jibu la salama. Mzee mwenye jipu mgongoni atakuambia salama, isipokuwa kamgongo kidogo. Ugonjwa usiouma hauna hata hiyo "isipokuwa". Kwa hiyo swali la macho yanaendeleaje ni adabu nzuri, ila halipimi kitu. Swali linalopima ni hili: shangazi, mara ya mwisho kupimwa presha ya macho ilikuwa lini, na walikuambia urudi lini? Hapo anatafuta kadi. Hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

Wenzangu wa kitivo cha elimu, hapa nawageukia. Tukienda TP tunafundisha jicho. Tunachora duara ubaoni, konea, lenzi, retina, mishale ya mwanga ikipinduka, na tunasema jicho ni kama kamera. Nilipokuwa nafundisha kidato cha pili muhula uliopita, binti mmoja wa dawati la nyuma aliuliza: "Mwalimu, na jicho la bibi liko hivyo hivyo?" Darasa likacheka. Lilikuwa swali bora la kipindi kizima, nikamwambia hapana, halafu tukatumia dakika zilizobaki kuchora jicho la pili pembeni, lenzi nene, chumba cha mbele kimebanwa. Mchoro ule haupo kwenye mtihani. Kamera haizeeki ikiwa kabatini, jicho linazeeka. Mwanafunzi akitoka shuleni anajua lenzi ni kioo kilichokaa pale daima, atakapokuwa mtu mzima daktari akimwambia "tumetoboa tundu dogo", atajaza mwenyewe sehemu iliyobaki: basi kimetengenezwa. Tunaweza kulalamikia madaktari kwamba hawaelezi, na baadhi hawaelezi kweli, ila udongo wanaopanda juu yake ni sisi tunaouandaa.

Kuna pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito. Rafiki yangu anayesoma uuguzi aliniambia: ukianza kumwambia mgonjwa kwamba pembe itapungua tena, kwamba mtoto wa jicho anaweza kuja, atakuambia sasa leza ya nini, atarudi kwa mganga. Ni hofu ya kweli, watu wanakimbia. Lakini tazama tunavyofanya kwa presha ya kawaida na kisukari. Hakuna anayemwambia mgonjwa wa sukari umepona baada ya sindano ya kwanza. Tunamwambia unaishi nayo, na mamilioni wanaelewa na wanarudi kliniki. Lugha tayari tunayo. Shida ni kwamba leza inafanana na upasuaji, na upasuaji kichwani mwetu ni kitu kinachomaliza. Mwambie mtu amekingwa, na kinga inaangaliwa. Chanjo zimeshatufundisha neno hilo.

Pingamizi la pili ni nauli, na hilo sina ujanja nalo. Kutoka kijijini kwa shangazi mpaka kwa daktari wa macho ni mabasi mawili na kulala kwa mtu. Kwa mtu wa namna hiyo kusema "rudi kila baada ya miezi sita" ni kumwandikia deni. Ndiyo maana nafikiri matokeo ya Guangzhou yanatuambia jambo kuhusu nani apigwe leza mapema. Kwa mtu anayeishi dakika kumi kutoka kliniki, mwenye pembe nyembamba na hana dalili, kusubiri na kupimwa kila mwaka ni busara, hesabu inaruhusu. Kwa anayeishi mbali, ambaye akipata shambulio usiku atafika kwa daktari siku ya tatu, daktari ana sababu ya kufikiria leza mapema zaidi. Uamuzi ni wa daktari na mgonjwa. Ila mgonjwa hawezi kuamua kama hajui kwamba kuna uamuzi.

Na tusichanganye leza. Nimesikia mtu kafeteria akisema leza ya glaukoma "imethibitishwa Moshi". Kilichofanyika KCMC, kikachapishwa 2021, ni leza nyingine, ya pembe iliyo wazi, inayopigwa kwenye kichujio chenyewe. Ilishinda matone ya timolo kwa mwaka wa kwanza, asilimia 61 ya macho kwa 31. Ni habari njema sana kwa wale asilimia 3.1 wa Kongwa. Kwa shangazi yangu si hiyo. Ukimsindikiza mtu, uliza ni leza ipi na jicho lipi, andika kwa Kiswahili nyuma ya kadi, na tarehe ya kurudi iandike kwa jina la mwezi.

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa serikali yetu ya wanafunzi, wiki ya afya inakuja na najua ratiba: uzito, urefu, presha ya mkono, damu salama, soda. Vijana wa miaka 22 hatuna pembe zilizofungana, kutupima sisi ni kupoteza muda. Naomba meza moja tu, na watu wawili kutoka kitivo cha tiba. Kila mwanafunzi aje na picha ya kadi ya kliniki ya mzazi au bibi kwenye simu yake, ajifunze kuisoma, kisha apige simu nyumbani akiwa pale pale. Vocha nitachangisha mimi darasani kwetu, bumu likitoka.